Chuma cha Mguu wa Bi Tak

Pyo Gil-su alikuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu kimoja mjini Jeonju, na kazi yake ilikuwa kuvunja vitu. Vyuma vya kuungia mifupa ya miguu vilikuja kwake kwanza, kabla ya kutiwa miilini mwa watu. Alivifunga kwenye mashine iliyovikandamiza na kuviachia mara milioni moja, kama mtu anayetembea.

Mwaka mmoja alipewa sita vya aina mpya. Vitano vilivumilia. Cha sita kilikatika kwenye tundu la tatu la skrubu, hesabu ikiwa haijafika nusu. Profesa Namgung, mkuu wake, alikuwa anaisubiri ripoti achapishe utafiti wao. Gil-su akajiambia labda hakukaza sawasawa. Akaandika "kilifungwa vibaya", akaweka kingine, kikapita. Hakuna aliyemuuliza.

Miaka miwili baadaye hospitali ikaleta chuma cha aina ile ile kilichovunjikia mwilini mwa mtu. Gil-su akakitia chini ya hadubini. Ufa ulikuwa umeanzia tundu la tatu.

Kesho yake mwenye mguu akaja mwenyewe kwa magongo: Bi Tak Bun-rye, muuza dagaa wakavu sokoni. Alitaka kukiona kilichomkatikia. Alikitazama, kisha akaweka mfuko wa dagaa mezani.

"Mniombee radhi kwa profesa," alisema. "Daktari alinikataza kubeba vizito, nami nikabeba kabichi za achari ya kimchi. Vikapu viwili tu, lakini nilibeba. Nimewaharibia kazi yenu."

"Si kitu, mama," Gil-su akajibu.

Bi Tak akainamisha kichwa kushukuru, akatoka. Gil-su aliyasikia magongo yakishuka ngazi moja moja. Amemwacha mama mtu mzima amwombe radhi yeye! Akatoka mbio, akamkuta mlangoni.

"Mama, si kabichi. Chuma kama chako kilinikatikia hapa, mahali pale pale. Nikaficha."

Bi Tak akaegemea gongo. "Kumbe mwezi mzima najilaumu bure, na mwenyewe uko huku unakunywa chai."

"Ndiyo, mama."

"Wangapi wengine wanavyo miguuni?"

"Sijui. Labda mia kadhaa."

"Sasa umesimama hapa unanitazama nini? Nenda ukaseme."

Akapanda, akasema. Profesa Namgung alivua miwani. "Ungeniambia siku ile, bwana Pyo, ningekununia wiki moja tu."

Wakaandikia hospitali na waliotengeneza vyuma vile. Vilivyobaki vikaondolewa hospitalini, wagonjwa wakaitwa kupimwa, na utafiti ukafutwa hadharani, majina yao yote mawili yakiwa juu ya tangazo. Gil-su hakufukuzwa. Ila kila ripoti yake sasa ilikaguliwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mpole aliyeomba samahani kila alipofungua daftari, na upole huo ulimchoma kuliko matusi.

Bi Tak alipasuliwa tena, akapona. Gil-su alikwenda sokoni mara moja kumwomba radhi ipasavyo. Alimwona kwa mbali, mguu juu ya kigoda, akicheka na mteja. Akaona haya, akapita uchochoro mwingine, akarudi nyumbani bila kumwambia.