Mfasiri wa Bwera na Mjomba wa Angani

Saa tisa alasiri jua la Bwera bado linachoma, lakini ndani ya ghala la pamba ni giza. Madirisha yamezibwa kwa magunia. Shuka jeupe limetandazwa ukutani na watu wamekaa chini wamebanana, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nje jenereta inanguruma. Siraje, fundi wa mashine, anainua mkono kuonyesha kuwa yuko tayari.

Badiru anasimama kando ya shuka, kipaza sauti cha bati mkononi, kanzu safi. Kazi yake ni kusema kwa Kiswahili yale ambayo watu wa kwenye sinema wanayasema kwa Kiingereza. Ameifanya miaka mitatu na hajawahi kuiogopa. Leo anaiogopa.

"Leo glavu inavuliwa," anatangaza.

Kwa ambaye hajapita Bwera mwaka huu wa 1958, inabidi nieleze. Tangu msimu wa pamba uliopita, kila Jumapili huonyeshwa kipande kimoja cha hadithi ndefu ya chombo kinachoruka kutoka nyota moja hadi nyingine. Ndani yake wamo kapteni, fundi wa mitambo, mpishi, mzee wa darubini, na binti mmoja ambaye baba yake aliuawa. Mmoja wa wanaume hao ndiye muuaji. Uso wake hauonekani. Unaonekana mkono tu, umevaa glavu nyeusi, ukikata waya au kulegeza parafujo. Kisha mashine inazimwa, nenda nyumbani ukasubiri wiki.

Na wiki yenyewe ndiyo yenye maneno. Sokoni, kwenye foleni ya kuuza kahawa, hata nje ya kanisa, watu wanamsaka mwenye glavu. Mayimuna, anayeuza mandazi mlangoni pa ghala, ameshikilia kuwa ni mpishi. "Mupishi gani hapana onja chakula yake?" ananiuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyempa kazi. "Mimi napika, najua."

Thembo, mchimbaji wa Kilembe ambaye hupanda lori kila Jumapili kuja kutazama, ana hesabu nyingine. "Ile wiki mukono ilikuwa ya kushoto. Hii wiki ya kulia. Wauaji beko wawili." Wapo wanaomshuku kapteni, na hao wamenuniana kabisa na wanaompenda kapteni.

Asiyeshukiwa na yeyote ni mzee wa darubini. Na hilo, jamani, amelileta Badiru mwenyewe.

Kiingereza alikipata jeshini, Burma, wakati wa vita. Siku hizi kila Jumanne hufasiri kwenye zahanati, daktari anapokuja kutoka mjini, na posho ya huko haifiki mbali. Sinema ndiyo inayonunua sukari nyumbani.

"Jeshini afande akisema neno moja, wewe sema moja, funga mudomo," anasema. "Sinema ndiyo ilinifundisha tabia mubaya."

Tabia yenyewe ilimtoka Jumapili ya kwanza ya hadithi hii. Chombo kilipoondoka ardhini, upande wa wanawake ukaanza kunung'unika. Binti mmoja, wanaume wanne, mlango umefungwa, na hakuna aliyeeleza binti huyo yuko chini ya nani. Wengine walishasimama, wanakung'uta nguo waondoke.

"Niliona sinema inakufa mbele yangu," anakumbuka.

Wakati huo mzee wa darubini alikuwa amefungua mdomo kusema habari za nyota. Badiru akainua bati lake na kumsemea: "Usiogope, mwanangu. Mimi ni ndugu wa mama yako. Mimi ni mjomba wako, niko hapa."

Wanawake wakaketi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemshuku mzee, maana kwa watu wa hapa mjomba ndiye wa kumkimbilia dunia ikikugeuka.

Vipande vya sinema hufika Kasese kwa gari la moshi, na Badiru huvitazama kwanza, yeye na Siraje peke yao, ili ajue la kusema. Ijumaa iliyopita walitazama kipande cha mwisho. Glavu ikavuliwa. Alikuwa mjomba.

Siraje alicheka mpaka akakaa chini. Badiru hakucheka, alimfikiria Edisa.

Edisa ni mjane, mkulima wa kahawa huko vilimani, na macho yake yana mtoto wa jicho. Huja kila Jumapili ameshikwa mkono na jirani. Kwenye shuka huona mwanga na vivuli tu, kwa hiyo sinema yake ni sauti ya Badiru. Jumanne vilevile, mbele ya daktari, hutegemea sauti hiyohiyo.

Daktari alimwambia kuna hospitali kubwa inayoweza kumpasua macho, na wagonjwa wataondoka kwa gari la moshi wiki hii. Edisa aliomba muda wa kufikiri. Majirani wanamwambia wanaokwenda huko hung'olewa macho wakarudi na mashimo. Yeye amekuwa akiwajibu hivi: "Badiru ndiye alinifasiria. Mimi nasikia Badiru."

Siku ya jibu ni Jumanne. Basi hebu fikiria: leo Jumapili anagundua kuwa mdomo wa Badiru huongeza watu wasiokuwepo. Keshokutwa atauamini vipi kuhusu macho yake?

Hajara, mke wa Badiru, alimpa shauri jepesi. "Sema mujomba amerogwa." Badiru aliligeuza shauri hilo usiku mzima, na asubuhi akaliacha. Alichoka kuongeza.

Sasa kwenye shuka binti ameikamata ile glavu. Anaivuta. Mkono mweupe wa kizee unatoka, kisha sura inajitokeza kwenye mwanga. Mzee anasema maneno machache, na Badiru anayasema kama yalivyo, hajazidisha hata moja: "Ni mimi. Baba yako nilimuua mimi."

Halafu upande wa wanawake sauti moja inauliza, "Badiru, mujomba? Mujomba anaua baba ya mutoto?" Nyingine inasema haiwezekani, amekosea kufasiri. Thembo anasimama anadai kipande kirudishwe nyuma. Badiru anashusha kipaza sauti chake.

Ndipo Edisa anaposema, pale chini alipoketi, bila kupaza sauti.

"Nani alisema yeye ni mujomba?"

Watu wanamgeukia.

"Ni yeye mwenyewe alisema. Mama ya binti alikufa zamani, haiko mutu wa kushuhudia. Mwizi akikuta mutoto peke yake, atasema yeye iko nani? Atasema yeye iko mujomba."

Ghala linalipuka. Kumbe. Kumbe ndiyo maana hakumtaja babu wa binti hata mara moja. Ndiyo maana hakuwahi kumpa zawadi. Thembo anajipiga paja. "Alijificha ndani ya undugu," anasema, na mambo ya mikono miwili ameshayasahau. Mayimuna anaapa kuwa yeye alimtilia shaka mzee tangu mwanzo, na hakuna anayejisumbua kumbishia. Watu wanatoka nje wakiwa na furaha, kila mmoja akimweleza mwenzake jambo ambalo mwenzake amelisikia sasa hivi.

Badiru anakaa juu ya gunia. Ameokoka, na anaona aibu.

Edisa hajaondoka. Amesimama mlangoni, mkono juu ya bega la jirani yake, anamsubiri.

"Yule mujomba ulimutia wewe," anamwambia.

"Ndiyo, Mama." Anasema hivyo bila kuzunguka. "Ulijua lini?"

"Siku ileile. Muzungu alisema kidogo, wewe ukasema murefu. Macho yangu iko na ukungu, masikio hapana."

"Mbona leo umenitetea?"

"Sikukutetea wewe. Nilitetea hadithi. Ilikuwa nzuri, nisingependa iharibike mwisho."

Badiru anatazama chini. Kisha anauliza lile lililomkosesha usingizi. "Na maneno ya daktari, Mama? Hayo unayaonaje?"

Edisa anatabasamu kidogo. "Kwa daktari, yeye akisema murefu, wewe murefu. Akikaa kimya, wewe kimya. Nimewasikiliza wote wawili. Na nilikuuliza, macho yataona? Ukaniambia, daktari anasema labda jicho moja. Mutu wa kunidanganya angenipa yote mawili."

Badiru anafuta uso kwa mkono wa kanzu. Mimi niliyekuwa pembeni nilijifanya naangalia jenereta.

Jumanne Edisa alimjibu daktari ndiyo, na Alhamisi Badiru akamsindikiza hadi stesheni ya Kasese, amembebea kapu la ndizi na blanketi. Aliniambia ana mpango mmoja tu. Baada ya mavuno hadithi nyingine ya angani inakuja, ndefu kuliko hii, na humo hatampa mtu yeyote ndugu. Wanawake wakinung'unika, wanung'unike.

Edisa naye ana mpango wake. Alimweleza dirishani, gari la moshi likianza kuvuta.

"Wasingya, asante, Badiru. Nikirudi, uniwekee nafasi mbele kabisa. Na hiyo mupya usiniambie nani mubaya. Nitamutafuta mwenyewe."

"Labda, Mama," Badiru akajibu, neno lilelile la daktari.

"Labda," akasema Edisa, na akakaa.