Kazi ya Taa Ni ya Watu Wawili

Mtaa mzima unamwita mkwe wangu Fundi, na mimi namwita hivyo hivyo. Ni fundi umeme wa magari. Ufundi aliurithi kwa baba yake. Ulimi, nadhani, ni wa mama yake.

Mwanangu ndiye mumewe, dereva wa pikapu kuukuu iliyomzidi umri. Aliponunua taa mpya za mbele, akazipeleka zikafungwe wapi? Gereji ya barabarani, kwa bwana mmoja mwenye ovaroli safi. Eti hakutaka kumchosha mke wake. Mke akazipata habari dukani, mbele za watu. Tangu siku hiyo hawasemezani. Begi la Fundi limesimama nyuma ya mlango, limetuna, safari ya kwa dada yake, na mimi silali. Shingo imekakamaa, maana hata mto wangu umepotea humu humu ndani. Niseme ukweli, huyu mkwe nampenda. Akiondoka nitabaki na mwanangu, na mwanangu namjua, nilimzaa mwenyewe.

Bwana ovaroli hakufua dafu. Jumamosi pikapu ilirudi na ajabu yake: ukiwasha taa kubwa zinafifia, halafu indiketa zinawaka bila kuitwa. Jumatatu gari linakaguliwa. Fundi akatoka na sanduku la vifaa.

Sasa kazi ya taa si ya mtu mmoja. Mmoja akae ndani awashe, mwingine asimame mbele atazame.

"Mama, mwambie mwanao awashe," akasema Fundi.

Mwanao mwenyewe yuko pale pale kwenye usukani. "Washa," nikamwambia.

"Mama, muulize Fundi, kubwa au ndogo?"

"Mwambie kubwa. Ndogo ni akili zake."

Hiyo sikuifikisha. Nyingine nilizipeleka na kuzirudisha mpaka magoti yakalalamika. Mwisho nikawaambia mimi si waya, nikaingia ndani na kufunga mlango. Nikakaa dirishani, bila shaka. Mwenye macho haambiwi tazama.

Fundi akainama ndani ya boneti, akapapasa, akaguna. Waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme kwenye bodi, ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Akaufungua, akachukua msasa, akakwangua mpaka chuma kikang'aa.

"Umeme ukienda lazima upate njia ya kurudi," akaiambia boneti. "Ukiuzibia njia ya kwake kwa rangi, utapita kwa jirani. Ndiyo maana indiketa zinawaka."

Mwanangu akatoa kichwa dirishani. "Nilidhani utasema nakutumikisha hata nyumbani. Nimekosea, mke wangu."

Fundi akakaza nati, tena polepole kuliko kawaida yake.

"Washa," akasema.

Taa zikawaka nyeupe, indiketa zikatulia.

"Zima. Washa. Zima. Washa tena."

Taa zilikuwa sawa tangu mara ya kwanza, hata mimi nisiyejua betri na breki niliona. Lakini aliendelea kuamuru, na mwanangu akaendelea kutii, mpaka wote wawili wakashikwa na kicheko.

Nikaona heri nilifiche lile begi kabla Fundi hajabadili mawazo. Nikajikaza kulibeba kwa mikono miwili, likainuka kwa kidole kimoja. Nikafungua zipu. Ndani mlikuwa na mto wangu, basi.