Malenge ya Kwenye Uzio

"Si kidole, shangazi. Kidole changu hakina sumu."

Nilijibu kabla hajamaliza kunilaumu, maana mimi kungoja siwezi. Leo mchana klabu yetu ya bustani ilikuwa kwetu. Akina mama wamesifu sukuma wiki, wamesifu maua ya shangazi kwenye mikebe, halafu wamefika kwenye uzio, ule upande trela zinapanga foleni ya boda, zikingoja kuvuka mpaka. Hapo vitoto vyangu vya malenge vilikuwa vimeanguka chini, vya manjano, laini.

Mwenyekiti ni jirani yetu, sote tunamwita Kukhu, yaani bibi. Huku kwetu Busia malenge machanga hayaonyeshwi kwa kidole, wanasema yataoza. Unakunja ngumi ndiyo unaonyesha. Mimi wiki iliyopita nilimwonyesha Kukhu yangu kwa kidole, moja moja.

"Nilikuona," Kukhu akasema. "Unachomachoma na kidole kama mtu anachagua kuku sokoni. Senior Four yako ya shuleni ndiyo imekufundisha hiyo?"

"Imenifundisha ua la kike linataka unga wa ua la kiume, Kukhu. Bila huo linaanguka tu."

"Sikia huyu! Sasa malenge nayo inataka bwana!"

Wakacheka mpaka dereva mmoja wa trela akachungulia kutoka juu. Shangazi hakucheka. Uzio ni wake, na anautaka kwa maharagwe ya kutambaa.

"Nakupa mpaka Jumapili," akaniambia. "Kama hakuna hata moja imeshika, nang'oa."

Kila kitu kwenye bustani ile ni cha shangazi. Malenge tu ndiyo yangu, nimeyapanda mwenyewe, nayamwagilia kila jioni.

Usiku ulipoingia tukala kalo, ugali wetu wa wimbi, na majani ya malenge. Kwenye sahani yangu nikaona ua. Halafu lingine.

"Shangazi, umechuma maua?"

"Haya hayana kitoto nyuma. Hayazai, yanakaa bure. Nachuma kila siku."

"Shangazi! Hayo ndiyo ya kiume!"

Akatafuna, akameza. "Basi umekula bwana. Na Jumapili ni Jumapili."

Nilitaka kukasirika lakini mboga ilikuwa tamu, nikamaliza. Kisha nikatoka na tochi ya simu kuangalia uzio. Kuna maua mawili ya kike yatafunguka kesho. Ya kiume, hakuna hata moja. Yamejaa kwa Kukhu, yeye hapiki maua, anasema yanamletea kiungulia.

Na leo nimemjibu mbele ya watu. Ningeacha siku mbili tatu apoe, lakini ua la malenge halingoji, jua likipanda kidogo linajifunga. Kesho asubuhi, kabla trela hazijawasha injini, nitaenda kwake nipige magoti, nimsalimie vizuri, nimwache aseme yote anayotaka kusema bila kumkatiza, halafu nimwombe ua moja la kiume, nikimbie nalo nyumbani.