Heri Mifupa

Juzi katika duka la dawa Mogogosiek, mzee aliyekuwa mbele yangu alitoa mfukoni pakiti ya dawa ya kiungulia, akaiweka kwenye kaunta kwa vidole viwili, kama ameshika kiwavi.

"Msichana wangu, naskia hii inamaliza mifupa."

"Ukimeza miaka mingi bila daktari kukuangalia, inaweza, mzee," dada muuza dawa akasema. "Kwani usiku kabla ya kulala unakunywa nini?"

"Hakuna."

"Hata chai?"

"Chai ni lazima!"

"Basi anza kwa kuwacha hiyo ya usiku, kiungulia kitapungua."

Huku kwetu dawa hushukiwa kama mgeni, chai ni mtu wa nyumbani. Mzee alitazama nje, majani chai yakipanda kilima, akarudisha pakiti mfukoni.

"Heri mifupa iishe."