Wivu wa Huseni Likwata

Je, wewe ungemlindia shamba mtu unayemwonea wivu? Usijibu haraka. Sisi wa Miteja tulijibu haraka, na mimi nikiwa wa kwanza.

Huseni Likwata alikuwa mshona kofia. Alikaa barazani kwake tangu asubuhi, miguu ameikunja, kitambaa cheupe magotini, sindano ikiingia na kutoka kwenye vitundu vidogo kama jicho la dagaa. Kofia yake ilivaliwa mpaka Lindi mjini. Lakini ukimsifia kofia alinuna. Alitaka asifiwe mashairi.

Bahati mbaya, kijiji hichohicho kilikuwa na Ahmadi. Ahmadi alikuwa mkulima wa mpunga, mtu mpole, na gazeti la Dar es Salaam lilikuwa likichapa mashairi yake karibu kila alipoyapeleka. Ya Huseni lilichapa mara moja, tena lilimkatia ubeti wa mwisho. Tangu hapo Huseni hakupata raha. Ijumaa, baada ya sala, washairi tulipokutana kwenye duka la Abdulatifu, Ahmadi akisifiwa, Huseni alikohoa. Ahmadi aliponunua mwavuli, Huseni alianza kutembea juani kichwa wazi, yeye mwenye kofia kuliko watu wote, akisema mwanamume haogopi jua. Na hakuna aliyejua mashairi ya Ahmadi kwa moyo kama Huseni. Aliyahifadhi yote ili lisimpite kosa hata moja.

Basi, mke wa Ahmadi, Mwanaima, akaugua. Tumbo lilivimba, akawa hawezi hata kuinama kufagia. Wakapanda lori kwenda hospitali Lindi, na daktari akasema atalazwa, atapasuliwa, kisha akae mpaka kidonda kifunge. Ahmadi alibaki naye kumpikia uji. Walikuwa na binti mmoja tu, naye ameolewa mbali huko Rondo.

Nyuma yao mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na huo ndio wakati wa kwelea, ndege wadogo wala nafaka. Wanakuja alfajiri kwa makundi, na shamba lisilo na mtu wa kuwafukuza linabaki mabua. Jirani alijaribu kuyalinda mashamba mawili, lake na la Ahmadi, akawa anaelemewa. Dereva wa lori akatuletea maneno ya Mwanaima mwenyewe: "Waambieni, nikisikia ndege wameingia shambani, nashuka kitandani na kidonda changu, narudi. Siwezi kulala hapa nikingoja njaa."

Na tuliomjua tulijua kwamba atashuka kweli.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka ule, kifua kimejaa maneno: umoja, maendeleo, kujitawala. Ijumaa nikasimama dukani kwa Abdulatifu nikawaambia washairi, "Jamani, mwenzetu yuko taabuni. Hii ndiyo siku ya kuonyesha kwamba chama chetu si cha maneno matupu. Kila mmoja alete msaada wake!"

Wakapiga makofi. Nikaenda nyumbani nimeridhika.

Ijumaa iliyofuata waliuleta msaada wao. Abdulatifu mwenye duka alileta shairi la beti tisa la kumpa pole Ahmadi. Nikodemo, katekista wa huko vilimani, alileta la beti kumi na mbili. Wengine nao walikuwa na karatasi zao mifukoni.

"Langu litangulie," alisema Nikodemo. "Nimetoka mbali."

"Umetoka mbali na vina vyako vimebaki njiani," akajibu Abdulatifu. "Ubeti wa nne hapo umechechemea kama punda wa mchuuzi."

"Wewe beti tisa tu! Mgonjwa wa beti tisa huyo ana mafua."

Wakacheka, kisha wakagombana kweli. Kila mmoja alitaka pole yake ndiyo ifike Lindi kwanza na ndiyo ichapwe gazetini. Nikapiga meza mpaka mizani ya duka ikaruka.

"Mnashindana kulia!" nikapaza sauti. "Ndege hawasomi! Leo asubuhi nani kati yenu amekanyaga shamba la Ahmadi? Watu wasioweza kulinda shamba moja watajitawala vipi?"

Abdulatifu akasema duka haliwezi kukaa bila mtu. Nikodemo akasema ana mafundisho ya watoto. Mwisho wote wakamgeukia Huseni, aliyekaa pembeni akishona. Yeye hakuleta hata mstari mmoja.

"Na wewe, Bwana Huseni?" nikamuuliza. "Hata pole?"

"Sina pole," akasema bila kuinua macho. "Mtu amechapwa gazetini kila mwezi, leo hata ugonjwa wa mkewe umemletea mashairi. Nikiugua mimi nani ataandika? Mtasema, afadhali, kelele zimepungua."

"Huoni haya, mtu mzima!"

"Mwalimu, haya ninayo. Uongo ndio sina. Nimwandikie nampenda, naye anajua simpendi?" Akakata uzi kwa meno. "Lile shairi lake la fumbo la mwezi uliopita, nimepata jibu. Litamvua nguo. Sasa yuko Lindi anakoroga uji. Nimjibu nani? Nikimpiga mtu aliyeinama, mtasema nimeshinda?"

"Kwa hiyo unasikitikia jibu lako, si mgonjwa."

"Ndiyo," akasema. Akakunja kitambaa, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga.

Abdulatifu akatikisa kichwa. "Wivu utamla huyo mpaka mifupa." Sote tukaafiki. Mimi niliafiki kwa sauti kuliko wote.

Kesho yake niliamka kabla ya jua, nikachukua debe tupu na fimbo. Nilikuwa nimeamua kulinda mwenyewe, walau mpaka jua lipande. Umande ulinilowesha mpaka magotini. Nilipokaribia bondeni nilitegemea kusikia ndege. Nikasikia mtu.

Katikati ya shamba la Ahmadi lilikuwapo dungu, kile kichanja cha miti mirefu anachokaa mlinzi, na juu yake alisimama Huseni Likwata, kichwa wazi. Mkono mmoja ulizungusha kombeo, wa pili ulivuta kamba zilizofungwa makopo. Kundi la kwelea lilipotaka kutua alilirushia udongo na kulipigia kelele, na kelele zenyewe zilikuwa na vina:

*Siku ukinirudia, nakungoja uwanjani,*
*Mpunga nakulindia, lakini si kwa imani,*
*Dhaifu sitavamia, nataka mwenye thamani,*
*Kwanza shiba na tulia, kisha nikutie chini!*

Ndege wakainuka kama moshi, wakapinda kuelekea mtoni.

"Bwana Huseni, shikamoo!" nikaita.

"Marahaba. Tembea pembeni, utakanyaga mpunga."

Kabla sijajibu, nikasikia nyayo nyuma yangu. Abdulatifu alikuwa anakuja mbio, duka amelifunga, sufuria mkononi. Nyuma yake alikuja Nikodemo na ngoma ya kanisa, na wengine watatu. Habari ilikuwa imewafikia usiku uleule kwamba Huseni ameonekana akienda bondeni peke yake.

"Tangu lini?" Abdulatifu akaniuliza akihema. "Yuko humo tangu lini? Ahmadi akirudi atamwandikia yeye peke yake shukrani? Gazetini? Haiwezekani! Huseni! Shuka, zamu yangu!"

"Zamu gani? Nenda kauze chumvi!"

"Mimi nimekuja na ngoma!" akapaza sauti Nikodemo.

"Kaipige kanisani! Shamba hili lina mtu!"

Abdulatifu akakishika kingazi cha dungu, akainua mguu apande. Huseni akainama juu kule, akakivuta kingazi kwa mikono miwili, akakipandisha chote, akakilaza miguuni pake. Kisha akageuka, akaokota udongo, kwa maana kundi lingine lilikuwa linakuja.