Kitambaa Kisichoteleza

Dukani kwetu Moshi mjini, kitu chochote kilichong'aa kiliitwa hariri. Mama hakuwa mwongo, alikuwa mfanyabiashara. Tulianza kuuza vitambaa miaka ile ruhusa ya kuingiza mali ilipotolewa, majora yakawa yanapanda kutoka Dar na mengine yakiingia kwa njia ya Holili, mpakani. Watu walikuwa wamechoka kuvaa kilichopo, sasa walitaka kuvaa wanachokitaka. Walichokitaka ni kung'aa.

Nilipomaliza shule niliwekwa nyuma ya meza ya kukatia, na huko nikavijua vitambaa kwa vidole. Satini ina uso na mgongo: uso unang'aa, mgongo umefifia, na kila mwezi kuna mtu anashonewa kinyume halafu anarudi kutulaumu sisi. Shifoni haina siri, inaonyesha kila kilicho chini yake, na ikiona mkasi inakimbia. Tafeta ina kelele. Mama wa bibi harusi akivaa tafeta, ukumbi mzima unajua anakwenda msalani. Oganza husimama yenyewe hata mvaaji akikaa. Krepu ina chembechembe na haigombani na mtu, ndiyo maana wake za wachungaji waliipenda.

Satini ndiyo iliyotulisha. Waliinunua washonaji wa magauni ya harusi, na waliinunua mafundi wa majeneza, kutoka jora lilelile. Mama alikuwa na sheria moja tu: hao wawili wasikutane mezani. Ijumaa ilikuwa siku ngumu, maana Jumamosi watu wa kwetu huoa na huzika.

Palikuwa pia na jora moja zito, rangi ya maziwa yaliyolala, lenye nyuzi za mafundo mafundo. Ukipitisha kiganja linakukwaruza. Lilikuja limechanganywa na mzigo mwingine, na mchuuzi wa Holili akaapa kwamba hiyo ndiyo hariri yenyewe, ile inayotoka kwa mdudu. Wateja waliliita gunia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kile hakikujiuza wala hakikutembea, kilikaa rafu ya chini kikiegemea ukuta.

Bibi, mama yake baba, aliishi juu mlimani, Uru, kwenye kihamba, shamba la ukoo, ambacho ukidondosha chungwa mlangoni utalifuata mtoni. Babu alikuwa amezikwa upande wa chini wa nyumba, katikati ya migomba, na njia ya kwenda kwake ilikuwa mteremko mtupu. Bibi alijua kwamba naye atapita njia hiyo, na hakuwa na tatizo nayo mpaka siku alipozikwa rafiki yake wa jumuiya, jirani wa kihamba cha pili. Wabebaji walipofika penye mteremko jeneza liliinama, na ndani kikasikika kishindo. Marehemu alikuwa ameteleza mpaka miguu ikagonga ubao. Kwaya ikapandisha sauti, funika kombe mwanaharamu apite. Lakini bibi alikuwa amesikia, na wiki iliyofuata aliteremka mjini na kichana cha ndizi mbivu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nionyeshe kile wanachotandika ndani ya sanduku la maiti."

Dukani kulikuwa na wateja wawili wa sendofu, wakitafuta nguo za kumuaga bibi harusi. Mama alinitazama, nami nikashusha satini nyeupe. Bibi akaweka kiganja juu yake, akasukuma kidogo. Kiganja kikaenda chenyewe mpaka ukingoni mwa meza.

"Ndiyo maana," akasema.

"Mama jamani," mama akamwambia mkwewe kwa sauti ya chini, "mambo hayo bado."

"Bado ndiyo wakati wake. Baadaye nitasemaje? Mlima huu nimeushuka na majani ya ng'ombe kichwani tangu nilipoolewa, sijaanguka. Siwezi kuanza kuanguka nikiwa nimelala, tena mbele ya watu."

Akaomba ubao wa kupigia pasi. Akauegemeza kwenye kiti, upande mmoja juu, mwingine chini, kwa mwinamo anaoujua yeye, akaniambia nitandike satini. Kisha akaweka kile kichana cha ndizi juu, akakiachia. Ndizi zilifika miguuni pa mteja kabla hajamaliza kusema "mae!"

Tukaendelea, maana bibi hakuwa mtu wa kuishia njiani. Shifoni ilishuka pamoja na ndizi, zimekumbatiana. Tafeta nayo ilishusha, tena kwa makelele, bibi akasema hiyo itawaambia hata wa Sanya Juu. Oganza ilijikaza kidogo, halafu ikakubali. Krepu ilishusha polepole, kwa heshima, lakini ilishusha. Wale wateja wa sendofu walikuwa wameshasahau walichofuata, mmoja wao alikuwa ndiye anayeokota ndizi.

"Na lile?" bibi akauliza, akielekeza kidole rafu ya chini.

Tukatandika gunia. Ndizi hazikwenda popote. Bibi akainua ubao zaidi, zikabaki. Akainua mpaka mama akashika kiti kwa hofu.

"Kinaitwaje?"

"Hariri, bibi."

"Na vile vingine?"

"Navyo hariri," nikasema, na mama akakohoa.

Bibi akachomoa uzi mmoja, akaomba kiberiti, akauchoma. Duka likanuka nywele zilizoungua. Akausaga ule mkaa kwa vidole, ukawa vumbi. "Hiki kilikuwa hai," akasema. "Nitakilalia hiki."

"Mama, watu watasema tumekuzika kwenye gunia."

"Waseme. Wao watakuwa wamesimama."

"Tutaona," mama akajibu. Nyumbani kwetu "tutaona" ni hapana iliyovaa vizuri, na bibi alilijua hilo. Akanigeukia mimi. "Wewe umesikia." Nikasema nimesikia. Akala ndizi moja iliyopondeka, akapanda gari la kurudi Uru.

Miaka kadhaa baadaye bibi alikufa, katikati ya masika, wakati ile njia ya migombani ilikuwa tope tupu. Ndugu walikuja kutoka Dar na Arusha. Kwenye kikao shangazi yetu mkubwa alisema jeneza liwe na satini nyeupe yenye marinda, kitu cha heshima, maana watu watatazama. Nikasimama nikaeleza alichotaka bibi, nikataja mpaka ndizi. Shangazi akaniuliza kama nina homa. Nikamtazama mama anisaidie. Mama alikuwa anatazama sakafu. Siku ile nilimchukia mama yangu, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kuzunguka.

Asubuhi nilikwenda dukani kulichukua lile jora mwenyewe. Rafu ya chini ilikuwa tupu. Nikajua mama amelificha, nikaenda kwa hasira mpaka kwa fundi wa majeneza, njia ya Rau, niking'ang'ania angalau anitandikie krepu. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunua marinda ya satini, meupe, yanayong'aa vizuri sana. Chini yake, pale mgongo unapolala, palikuwa na gunia, limevutwa likakazwa na kupigiliwa misumari pande zote.

"Mama yako alikuja kabla sijafungua," akasema. "Kasema pembeni satini, ya watu. Chini hiki, cha mwenyewe."

Tulimzika bibi mvua ikinyesha. Walipofika penye mteremko wabebaji wakaanza kuserereka kwenye tope, jeneza likainama vibaya kuliko nilivyoogopa. Kwaya, ambayo ilikuwa na kumbukumbu, ikavuta pumzi tayari kupandisha sauti. Mama akainua mkono kuwanyamazisha. Watu wote wakakaa kimya kwenye mvua, shangazi naye, bila kujua wanasikiliza nini. Mimi nilijua. Nilisikia matone kwenye majani ya migomba na miguu ya wanaume ikitafuta pa kushika. Jeneza likapita mbele yetu limeinama, na ndani yake hapakuwa na sauti yoyote.

"Hajateleza," mama akasema, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Nikamshika. Nilikuwa nampenda bibi sana, na mama nilimpenda upya pale pale kwenye tope.

Tulipofungua duka tena, mama alirudi na kipande cha lile jora kilichobaki. Akakilaza mezani, akakipima kwa mkono kuanzia bega lake mpaka kisigino. Kisha akakikunja, akapanda kwenye kiti, akakiweka rafu ya juu kabisa, ambako mteja hafiki.

"Umeona nilipokiweka?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeona.