Uso Nyuma ya Kitenge

Hellen anapiga picha za watoto sebuleni kwake, hapa Buzuruga, nyumba yake na yangu zikigawana ukuta. Zamani kazi hiyo waliifanya wawili. Yeye alishika kamera, mumewe Luhende akasimama nyuma yake akifanya vituko, na mtoto aliyeingia akilia ilibidi abembelezwe kuondoka. Mwaka jana Luhende aliugua wiki moja tu, akafariki. Tukamzika kwao Sengerema. Hellen hakulia. Kivuko kilipoturudisha alifua mapazia, na Jumatatu akafungua studio.

Watu walimsifu kwa ujasiri. Mimi niliogopa. Siku moja nilimwona akijikata akimenya ndizi, akakitazama kidole kile kama cha mtu mwingine, kisha akaendelea kumenya.

Picha nazo zikaharibika. Wazazi walisema wazi kwamba watoto wao wanatoka kama wamepigwa picha za kitambulisho. Hellen aliyapokea maneno hayo kama mtu anayeambiwa umeme utakatika, akaanza kurekebisha. Aliondoa maua ya plastiki na lile pazia lenye picha ya maporomoko ya maji. Akahamishia kiti karibu na dirisha, akalifunika dirisha kwa shuka jeupe ili jua lisimchome mtoto machoni, na upande wa kivuli akaegesha ubao mweupe urudishe mwanga. Akaacha kupiga akiwa amesimama, akawa anapiga magoti mpaka kamera iwe sawa na macho ya mtoto. Picha zikawa safi ajabu, ungeweza kuhesabu kope. Na watoto bado wamenuna.

"Mama Winnie," nilimwambia, maana mdomo wangu hauna breki, "mwanga umeuweza. Tatizo ni kwamba wanakuangalia wewe usoni."

Alifikiri kidogo. "Basi nisionekane, dada."

Mwingine angenifukuza. Yeye alitundika kitenge kwenye mlango wa korido, akakitoboa tundu la kupenyeza lenzi, akaingia nyuma yake. Mbele ya kitenge akasimama mama wa mtoto, acheze na mwanawe mwenyewe. Na kweli, watoto walicheka mpaka mapengo yakaonekana. Wateja wakarudi, hadi wengine kutoka Nyamagana. Mimi nilikuwa nikikaa pembeni na kusikia vicheko upande huu, na upande ule mlio wa kamera tu, na moyo ulikuwa unaniuma.

Kisha ikafika zamu ya Winnie, binti yake wa miaka sita. Anamaliza chekechea, na picha ya kila mtoto akiwa amevaa joho ilikuwa itundikwe ukumbini siku ya mahafali. "Nataka atoke anacheka," Hellen aliniambia. Tangu msiba, hicho ndicho kitu pekee nilichomsikia akisema anakitaka.

Winnie akaingia na joho lake, kofia imemzidi kichwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, msomi wetu."

Hellen alikuwa ameshajificha. Nikaanza kazi yangu mbele ya kitenge. Nilikata viuno na umri huu, nikatoa ulimi, nikajifanya nimeteleza. Mtoto alinitazama kwa adabu, kisha akageukia lile tundu.

"Mama, toka huko."

Hellen akatoka na kamera mkononi, akapiga magoti mbele yake. "Cheka basi, mwanangu."

"Msiba umeisha?"

Kule Sengerema ni sisi wenyewe tuliomkanya, tukamwambia msibani watu hawacheki. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba watu walishatawanyika, matanga yameisha. Muda wote huo mtoto alikuwa anasubiri ruhusa, na sisi tulikuwa tunasema ana akili za kikubwa.

"Umeisha," Hellen akasema.

Winnie akamkagua usoni. "Haya, cheka wewe kwanza."

Hellen akajaribu. Nilikuwepo, niliona. Midomo ilifunguka, meno yakaonekana, macho yakabaki vilevile. Aliushikilia uso ule, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kamera, akingoja mtoto amfuate.

Winnie akavua kofia, akashuka kitini taratibu asikanyage joho.

"Tutapiga ukipona, mama."

"Sawa," Hellen akasema.